Manju wa Kontra na Mizani ya Miguu

Kila aliyelelewa na shairi la tarbia anaijua hesabu yake hata kama hajapata kufundishwa. Mishororo ni minne, kila mshororo una mizani kumi na sita, na kila mshororo hukatika katikati, minane kwa ukwapi na minane kwa utao. Jumla yake ni mizani 64, kisha ubeti hugeuka ukaanza mwingine. Hesabu hiyo hatukuipata darasani. Iliingia masikioni mwetu kabla hatujajua kusoma, na mtu akikosea mzani mmoja barazani hata mtoto hutikisa kichwa.

Katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, yale yanayoitwa New England, kuna ngoma ya watu wa kawaida inayokwenda kwa hesabu hiyo hiyo bila ya kupungua wala kuzidi. Muziki wake una sehemu nne, kila sehemu ina mapigo kumi na sita, na kila sehemu hukatika katikati, minane na minane. Mapigo 64 yakitimia, ngoma inarudi mwanzo. Sidai kwamba pana nasaba baina ya vitu viwili hivi. Arudhi yetu ina njia yake iliyopitia Lamu, Pate na Mombasa, na ngoma yao ina njia yake iliyotoka Uingereza. Lakini mtunzi wa mashairi akiisikia hesabu hii hawezi kupita kama hakusikia, nami nimeifuata kwa miaka kadhaa, katika vitabu na katika filamu, kwa kuwa kilichonivuta zaidi ya muziki ni yule mtu anayesimama jukwaani na kuamua miguu ya wengine iende wapi.

Ngoma yenyewe huitwa kontra. Jina ni la Kifaransa, na Wafaransa nao walilipata kwa kuliharibu jina la Kiingereza lenye maana ya ngoma za shamba. Wachezaji hujipanga safu mbili ndefu zinazotazamana kutoka kwenye jukwaa la wanamuziki hadi mwisho wa ukumbi, kila mtu na mwenziwe. Kutoka juu hushikana mikono wanne wanne, yaani jozi mbili, na katika kila kundi la wanne jozi moja ni ya kwanza na nyingine ni ya pili. Wanne hao hucheza miendo yao kwa mapigo 64, na mwisho wa hesabu jozi ya kwanza inakuwa imeshuka nafasi moja, na ya pili imepanda nafasi moja. Ubeti mpya ukianza, kila jozi inakutana na jozi ngeni. Hivyo, mtu aliyekuja na mwenzi mmoja, kabla ya ngoma moja kwisha, atakuwa amekwisha kucheza na safu nzima. Muziki ni wa fidla, piano, pengine akodiani na zumari, nao hauendi polepole. Ubeti mmoja huchukua kiasi cha nusu dakika tu, na hurudiwa mara kumi na tano au zaidi.

Anayeongoza haya yote nitamwita manju, kwa sababu sina neno jingine linalomkaribia. Hata hivyo manju huyu haimbi, wala hajibiwi kwa kiitikio. Hutamka tu jina la mwendo unaofuata, na hulitamka kabla ya wakati wake, katika mapigo mawili au manne ya mwisho ya mwendo uliopo, ili sauti yake ifike sikioni na mguu uwe tayari pigo la kwanza likilia. Akichelewa, safu nzima inakwama. Akiwahi mno, watu huanza kabla ya muziki. Baada ya ubeti wa tano au wa sita, miguu ikishazoea, hupunguza maneno, akabakiza moja moja, kisha hunyamaza kabisa na kuuacha muziki utawale.

Kazi yake kubwa, hata hivyo, hufanyika nyumbani kabla ya usiku huo, akiwa na kisanduku cha kadi mbele yake. Kila kadi ina ngoma moja, na kila ngoma ni miendo mitano, sita au saba iliyopangwa katika sehemu nne. Ni ipi aichukue na ipi aiache?

Hapo zamani swali hili halikuwa lake. John Playford alipochapisha kitabu chake cha ngoma huko London mwaka 1651, chenye ngoma zaidi ya mia moja, hakukuwa na mtu wa kuita. Wachezaji walifundishwa na walimu wa kucheza, wakahifadhi miendo kichwani, wakaja ukumbini wakiwa wamekwisha kujua. Miaka ya 1680 ngoma hizo zilikuwa zimekwisha kufika katika kasri ya Louis XIV wa Ufaransa, na katika karne ya 18 zilivuka bahari pamoja na wahamiaji. Mwaka 1788 mwalimu wa kucheza aliyeitwa John Griffiths alichapisha mjini Providence kitabu kidogo cha ngoma hizo, nacho huhesabiwa kuwa miongoni mwa vya mwanzo kabisa kuchapishwa Marekani. Katika karamu za zama hizo, aliyechagua ngoma alikuwa mwanamke aliyesimama juu kabisa ya safu. Yeye ndiye aliyetaja wimbo, yeye ndiye aliyetaja miendo, na yeye na mwenziwe ndio walioanza peke yao huku wengine wakisubiri na kutazama. Aliyekuwa chini alijifunza kwa macho mpaka zamu yake ikamfikia. Heshima ya kuchagua ilizunguka, kwa hiyo usiku mmoja ulikuwa na wachaguzi wengi.

Je, sauti ya kuita ilitoka wapi, ikiwa mabwana na mabibi hao hawakuihitaji? Hapa historia inatugusa Waafrika. Wapigaji fidla katika karamu nyingi za Marekani, kusini na hata sehemu za kaskazini, walikuwa watu weusi, wengi wao watumwa. Walipiga muziki kwenye kumbi za mabwana, wakaona miendo, na katika ngoma zao wenyewe wakaanza kuitaja miendo hiyo kwa sauti, kwa kuwa wachezaji wao hawakupelekwa kwa walimu wa kucheza. Phil Jamison, mtafiti ambaye mwenyewe ni mchezaji na mwitaji, alikusanya ushahidi wa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2015, na hoja yake ni kwamba kuita miendo ni mchango wa wanamuziki weusi wa mwanzo wa karne ya 19, uliochukuliwa baadaye na weupe na kuenea nchi nzima. Hoja hii naiona ina nguvu. Anayejua jinsi sauti ya mmoja inavyoongoza mwili wa wengi katika ngoma za Afrika hatastaajabu. Jambo la kusikitisha ni kwamba leo ukiingia katika kumbi za kontra za New England utaona karibu wote ni weupe, na wachache tu kati yao wanajua kwamba sauti inayowaongoza ilianzia kinywani mwa mtu aliyekuwa mali ya mtu.

Kuna jambo jingine linalotuunganisha, ambalo silipati katika vitabu vya ngoma bali katika vitabu vya biashara. Watu wa New England hao hao ndio waliotia nanga Unguja. Edmund Roberts, aliyefunga mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, alikuwa mtu wa Portsmouth, New Hampshire. Balozi wao wa kwanza hapa, aliyefika mwaka 1837, alitoka Salem, Massachusetts. Kitambaa kilichofumwa kwenye viwanda vyao tulikiita merikani, na jina limebaki. Walichochukua kwetu kilikuwa sandarusi, ngozi na pembe. Sehemu kubwa ya pembe hizo iliishia katika vijiji viwili vya Connecticut, Deep River na Ivoryton, ambako zilikatwa zikawa vipande vya kufunika vidole vya piano. Piano ikaja kuwa nguzo ya bendi ya kontra, kwani mkono wa kushoto wa mpiga piano ndio unaotoa pigo ambalo manju anaegemea. Basi yumkini katika kumbi za vijiji vile, pigo la kwanza la ubeti limepigwa mara elfu kwa kidole juu ya pembe iliyobebwa mabegani kutoka bara hadi pwani yetu. Hili nalisema kwa kupita, lakini si dogo.

Turudi kwenye safu. Katikati ya karne ya 19 miji ya Marekani ilishikwa na waltz, polka na kwadrili, na kontra ikaonekana kuwa ya washamba. Ilibaki New Hampshire, Vermont, Maine na magharibi ya Massachusetts, katika kumbi za vijiji ambako baridi ni kali na burudani ni chache. Huko manju alikuwa mara nyingi mpiga fidla mwenyewe, na kuchagua kwake kulikuwa kwepesi. Kijiji kilikuwa na ngoma zake kumi au kumi na tano na kila mtu alizijua tangu utoto. Uchaguzi ulikuwa wa mpango tu, ipi itangulie na ipi ifuate.

Ngoma za wakati huo ndizo zinazoitwa leo za kale, na kati yake zimo Chorus Jig, Money Musk, Petronella na Hull's Victory, hii ya mwisho ikiwa imepewa jina kwa kumbukumbu ya nahodha Isaac Hull aliyeishinda meli ya Waingereza mwaka 1812. Sifa yao kubwa ni kwamba jozi ya kwanza hufanya karibu kila kitu. Katika Chorus Jig, jozi ya kwanza hushuka nje ya safu na kurudi, hushuka katikati na kurudi, huzungushwa na majirani wa pembeni mmoja baada ya mwingine, kisha mtu na mwenziwe huyumba na kuzunguka. Jozi ya pili kazi yake ni kutoa mkono unapohitajika na kusimama. Anayesimama hapati hasara ya milele, kwani akifika juu ya safu naye atakuwa wa kwanza, na wengine watasimama kwa ajili yake.

Money Musk inastahili neno peke yake. Wimbo wake ulitungwa Scotland katika karne ya 18 na Daniel Dow, na jina ni la kijiji cha huko, Monymusk. Lakini New England waliucheza kwa sehemu tatu badala ya nne, yaani mapigo 48. Wenye kujua mashairi watakuwa wamekwisha kuona: hii ni tathlitha katikati ya tarbia. Na kama ilivyo kwa tathlitha, ubeti unakwisha upesi kuliko sikio linavyotazamia, miendo imesongamana, na asiyekuwa hodari huachwa nyuma. Kwa sababu hiyo hiyo mabingwa waliipenda, na kwa sababu hiyo hiyo manju wa leo huogopa kuitoa katika kisanduku.

Mwaka 1926 tajiri wa magari Henry Ford, aliyechukia muziki mpya wa jazi, alichapisha kitabu cha ngoma za kale pamoja na mwalimu wake wa kucheza, Benjamin Lovett. Pesa zake ziliamsha hamu, ingawa nia yake haikuwa safi, kwani alikuwa mtu wa chuki zilizojulikana. Mwenye mchango wa kudumu ni Ralph Page wa New Hampshire, aliyezaliwa mwaka 1903 na kufariki mwaka 1985. Alianza kuita mwaka 1930, akaandika kitabu pamoja na Beth Tolman mwaka 1937, na kuanzia 1949 hadi 1984 akatoa jarida lake dogo, Northern Junket, ambamo alichapa ngoma, nyimbo, vichekesho na mapishi kwa pamoja. Wenye kutoa majarida ya utamaduni kwa mfuko wao wenyewe watamwonea huruma na wivu kwa wakati mmoja. Page aliamini kwamba manju ni mlinzi. Miendo si mali yake ya kuchezea. Ameikuta na ataiacha.

Baada yake alikuja Dudley Laufman, aliyezaliwa mwaka 1931. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana waliochoka na miji walimfuata kutoka ukumbi hadi ukumbi, na karibu kila palipo na kontra nchini humo leo pana mtu aliyecheza kwake au kwa mwanafunzi wake. Laufman alichagua machache na mepesi. Hakutaka mtu ahitaji somo ili acheze. Mkulima, mtoto, bibi kizee, wote waliingia safuni usiku huo huo.

Lakini vijana wale walikua, wakawa hodari, wakaanza kuuliza kwa nini wasimame nusu ya ngoma wakingoja. Hapo ndipo yalipotokea mapinduzi ya kimya kimya. Petronella ni shahidi mzuri. Kwa desturi, jozi ya kwanza tu ndiyo iliyoyumba na kugeuka kutoka nafasi hadi nafasi. Wa pili, walioamriwa kusimama, wakaanza kuingia bila kuambiwa, wakageuka nao, wakaongeza na makofi mawili mwishoni mwa kila mgeuko. Hakuna manju aliyeamua hivyo. Miguu iliamua, na manju akafuata. Tayari katika miaka ya 1950 mtu aitwaye Herbie Gaudreau alikuwa ametunga ngoma ambayo mtu husimama ubavuni mwa mwenziwe badala ya kutazamana naye, na kwa mpango huo jozi zote mbili zikawa na kazi sawa. Ted Sannella wa Boston, katika kitabu chake cha mwaka 1982, na Larry Jennings, katika chake cha mwaka 1983, wakalifanya jambo hilo kuwa kipimo. Jennings hasa alitaka ngoma yenye pilipili: kila mtu anatembea, na kila mtu anapata kuzunguka na mwenzi wake. Vipimo hivyo ndivyo manju wengi wanavyovitumia hadi leo, hata wasiojua vimetoka kwa nani.

Natoa hapa mfano wa ngoma ya namna hiyo, iliyojengwa kwa miendo ya kawaida kabisa, ili msomaji aione kama anavyouona ubeti.

Mshororo wa kwanza: jirani na jirani wanashikana, wanayumba kwa mapigo manne, wanazunguka kwa mapigo kumi na mawili. Wa pili: wanne wanashikana mikono na duara linakwenda kushoto robo tatu kwa mapigo manane, kisha mtu anamkuta mwenziwe na kuzunguka naye kwa manane. Wa tatu: safu zote mbili zinasogea mbele na kurudi kwa manane, halafu wanawake wawili wanapishana kwa mkono wa kulia na kupokewa na mwanamume wa upande wa pili, ambao ndio mwendo uitwao mnyororo, kwa manane. Wa nne: wanne wanatia mikono ya kushoto katikati wakawa nyota, wanakwenda duru moja kwa manane, wanaachana na kumkuta jirani mpya, wanapitana mgongo kwa mgongo kwa manane. Kisha ni kuyumba tena na jirani huyo mpya, na ubeti wa pili umeanza.

Sasa tazama viungo, kwani hapo ndipo sanaa ilipo. Mwisho wa mnyororo, mwanamume huipokea mkononi mwake wa kushoto kushoto ya mwanamke, na wawili hao hugeuka pamoja kinyume cha saa. Mkono wa kushoto tayari uko juu, na mwili tayari umeelekea huko. Nyota ya mkono wa kushoto ikija baada yake, haiji kama amri mpya. Inakuja kama maji yanavyofuata mfereji. Weka nyota ya mkono wa kulia mahali hapo na kila mtu atalazimika kujizuia, kubadili mkono, na kujisukuma upya. Hesabu itakuwa sahihi, mapigo manane kamili, lakini ngoma itakuwa imekufa mahali hapo. Nani kati yetu hajakutana na shairi la namna hiyo? Mizani imetimia, vina vimetimia, na bado mshororo unakwaruza koo kwa sababu neno limelazimishwa kukaa pasipo mahali pake. Kuhesabu hujifunzwa kwa siku moja. Kujua ni neno gani linaliita jingine huchukua umri.

Basi jambo la kwanza analolitazama manju katika kadi ni hilo, mkono upi uko wazi na mwili unaelekea wapi. La pili ni la kibinadamu zaidi: mtu anakutana na mwenziwe lini? Mwendo wa kuzunguka wawili wawili, wakitazamana machoni ili wasishikwe na kizunguzungu, ndio tamu ya kontra, na wachezaji hunung'unika wakiikosa. Ngoma iliyomtenga mtu na mwenzi wake tangu mwanzo hadi mwisho ni kama barua isiyo na salamu. La tatu ni usiku mzima. Ngoma kumi au kumi na mbili hutosha usiku mmoja, na manju haziokoti ovyo. Ya kwanza huwa nyepesi, ya duara na nyota, kwa kuwa wageni ndio kwanza wameingia. Mnyororo hutokea katika ya pili au ya tatu. Msuko, yaani wanne kupishana bila kushikana, bega la kulia kisha la kushoto, kama miyaa inavyopishana katika ukili, hufunzwa nusu kwanza, mapigo manane, na mzima wa mapigo kumi na sita huachwa hadi miguu izoee. Mwendo uliofunzwa katika ngoma ya nne hurudi katika ya tano ukiwa mahali pengine, ili mgeni ajione anajua. Manju mwema haanzi ngoma mbili mfululizo kwa mwendo mmoja. Na akiona ukumbi umejaa wageni kuliko alivyodhani, hurudisha kadi aliyoipenda kisandukuni bila kinyongo. Tony Parkes, katika kitabu chake cha mwaka 1992 cha kuwafundisha manju, anayaeleza mengi ya haya kwa upole wa mwalimu.

Lakini vipimo hivi vimekuwa na gharama yake, nami sioni sababu ya kuificha. Ukitaka kila ngoma iwe na kuzunguka na jirani, na kuzunguka na mwenzi, na mtu asisimame hata kidogo, umekwisha kutumia nusu ya mapigo yako kabla hujaanza kutunga. Kinachobaki hakitoshi ila duara, mnyororo, safu kwenda mbele, nusu ya msuko. Ngoma mia zinatungwa kila mwaka na zinafanana kama ndugu. Mwendo wa pembeni wa Chorus Jig, ambao unamtaka mtu ajue majirani wane wa kulia na kushoto wako wapi, hauingii katika ukumbi wa namna hii. Unachukua muda kuufunza na unawapa kazi wawili tu. Ukaachwa. Kilichopotea pamoja nao ni kusimama kwenyewe. Aliyesimama alikuwa akitazama. Alimwona jirani yake akicheza vizuri na akafurahi kwa ajili yake, akapata pumzi, akapata neno moja na mtu wa ubavuni. Katika ushairi tunajua kwamba pumziko baina ya ukwapi na utao ni sehemu ya mshororo ingawa halina mzani. Vijana wale walidhani kwamba kusimama ni utupu.

Upande wa pili nao una haki. Mtu aliyefanya kazi wiki nzima, akaendesha gari saa nzima katika theluji, hakuja kusimama awatazame wengine. Na mpango wa zamani, wa juu na wa chini, wa mwenye kuanza na mwenye kungoja, ulizaliwa katika kumbi ambamo watu waliketi kwa vyeo. Tulikuwa na mabishano yetu wenyewe katika miaka ya 1970 kuhusu vina na mizani, na naikumbuka harara iliyokuwapo pande zote mbili. Nilikuwa upande wa arudhi, na bado nipo. Lakini sijasahau kwamba wengine walioiacha walikuwa na jambo la kusema ambalo arudhi yetu, mikononi mwa wavivu, ilikuwa imeacha kulisema.

Katika miaka ya karibuni uchaguzi umehamia hata kwenye majina. Kuna mwendo ambao wawili huzungukana bila kugusana, wakitazamana tu. Uliitwa kwa jina ambalo Waingereza waliwabandika Waroma, watu waliodhulumiwa Ulaya karne kwa karne, na wengi wa Waroma hulihesabu kuwa tusi. Katikati ya miaka ya 2010 kumbi nyingi zililiacha, na mwendo ukaitwa kwa namna unavyochezwa, kuzungukana bega la kulia. Vivyo hivyo, kwa kuwa siku hizi mwanamke hucheza upande wa kushoto akipenda, na mwanamume wa kulia, manju wengi wameacha kusema wanaume na wanawake. Hutaja ndege wawili, ambao majina yao kwa Kiingereza huanza kwa herufi zile zile za kushoto na kulia. Wazee walilalamika. Mimi, kwa kuwa kazi yangu nyingine ni tafsiri, naliona ni tatizo la kifundi kama yalivyo mengine: jina jipya lazima litamkike ndani ya mapigo yale yale mawili, lisigongane na jina la mwendo mwingine, na lisikike mwisho wa ukumbi. Ndege wa kulia wa mwanzo alibadilishwa akaletwa mwingine, na majina ya sasa yametulia.

Machi 2020, maradhi ya korona yalizifunga kumbi zote. Ngoma ya kushikana mikono na watu arubaini kwa usiku mmoja haikuwa na njia ya kuendelea. Zilipofunguliwa tena, polepole, wengine wakivaa barakoa, manju walikuta mbele yao safu zenye wageni wengi na mabingwa wachache, na kadi za Laufman, zile za miendo michache, zikatoka tena kisandukuni.

Karatasi za Ralph Page zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha New Hampshire, mjini Durham, pamoja na Northern Junket, ambayo sasa inaweza kusomwa yote na mtu aliye mbali. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mkutano wa mwanzo wa mwaka wenye jina lake umewakutanisha wanaotaka kuzicheza ngoma za kale kama zilivyokuwa. Hapo Money Musk huitwa kwa mapigo 48 kamili, na jozi ya pili husimama.